Lenzi ya kamera huharibiwa na kitambaa kabla ya kuharibiwa na vumbi

ASUMBI, katika Kaunti ya Homa Bay, ni mji mdogo uliokua kando ya misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na wamishonari wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20. Kuwepo kwa Chuo cha Walimu na Shule ya Upili ya Wasichana kumeufanya kuwa mahali pa mahafali, misa na siku za wazazi, na penye sherehe hapakosi mpigapicha.

Mpigapicha wa mashambani aghalabu hutegemea kamera moja na lenzi moja au mbili. Hubeba mtaji wake wote begani, mara nyingi juu ya bodaboda, katika barabara za udongo zinazotimka vumbi wakati wa kiangazi. Lenzi ikikwaruzika, riziki imeingia dosari, kwa kuwa kioo hakishonwi kikapona.

Hata hivyo, vumbi lililotulia juu ya lenzi halina madhara makubwa. Madhara huanza pale mwenye kamera anapochukua ncha ya shati na kulifuta.

Kwa nini mchanga hushinda kioo

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kilichobuniwa mwaka wa 1812 na mtaalamu wa madini Friedrich Mohs. Kipimo hicho huanzia 1, ambapo kuna ulanga, hadi 10, ambapo kuna almasi. Kitu kigumu hukwaruza kilicho laini kukiliko.

Kioo cha kawaida huwa kati ya 5 na 6. Kwazi, madini yanayopatikana kwa wingi katika mchanga na vumbi la barabarani, hufikia 7. Kwa sababu hiyo, chembe moja isiyoonekana kwa macho inaweza kuchora mstari wa kudumu juu ya lenzi ikisukumwa kwa kidole chini ya kitambaa. Kinyume chake, ufunguo wa shaba nyeupe hauna ugumu wa kutosha kukwaruza kioo kwa urahisi. Katika mfuko wenye funguo na mchanga, adui mkuu ni mchanga.

Isitoshe, uso wa lenzi hupakwa utando maalumu wa kupunguza mng'ao. Teknolojia hiyo ilibuniwa na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka wa 1935. Kila uso wa kioo usio na utando hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Katika lenzi yenye nyuso 10, karibu thuluthi moja ya mwanga ingepotea njiani. Tabaka moja la utando huo huwa na unene wa takriban sehemu 1 kati ya 10,000 ya milimita. Ukikwanguka, hauwezi kupakwa tena nyumbani.

Hatua za kusafisha

Kanuni ya kwanza ni kuondoa chembe kabla ya kitambaa kugusa kioo. Kamera huelekezwa chini, kisha vumbi hupulizwa kwa pampu ndogo ya mpira. Kupuliza kwa mdomo hakufai kwa kuwa hurusha mate. Chembe zilizosalia huondolewa kwa brashi laini isiyotumiwa kwa kazi nyingine wala kuguswa nyweleni kwa vidole, maana mafuta ya ngozi hunata juu yake.

Ni baada ya hapo tu ambapo alama za vidole hufutwa kwa kitambaa laini cha kusafishia lenzi au miwani. Tone moja la dawa ya kusafishia lenzi hutiwa kwenye kitambaa, si kwenye kioo, ili lisipenye ndani. Kitambaa huzungushwa taratibu kutoka katikati kuelekea ukingoni bila kukandamiza. Kitambaa chenyewe hufuliwa mara kwa mara na kuhifadhiwa katika mfuko uliofungwa. Kikianguka chini, kisitumiwe kabla ya kufuliwa.

Leso, tishu za chooni na dawa za kusafishia madirisha hazifai. Hali kadhalika, dawa ya meno, ambayo baadhi ya watu huamini inaondoa mikwaruzo, ina unga wa kusugulia unaoweza kuumaliza utando.

Kinga kabla ya tiba

Kifuniko cha lenzi kirudishwe kila kamera inapopumzishwa, lakini nacho kipanguswe, kwa maana mchanga ulionasa ndani yake huishia juu ya kioo. Lenzi zibadilishwe mahali pasipo na upepo, na kioo cha nyuma kifunikwe mara moja.

Kikinga jua, yaani kibomba kifupi kinachofungwa mbele ya lenzi, huzuia vidole na migongano bila kupunguza ubora wa picha. Kichujio cha kioo kisicho na rangi nacho huchukua mkwaruzo badala ya lenzi na hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kasoro yake huonekana mbele ya taa au mishumaa, kama vile katika misa ya usiku, ambapo kinaweza kuzua vivuli vya mwanga pichani. Wakati huo ni heri kiondolewe.

Kwa wanaotumia simu, kanuni ni zile zile. Baadhi ya simu ghali zimefunikwa kamera kwa yakuti ya kutengenezwa, yenye ugumu wa 9, lakini nyingi zina kioo. Aidha, ukungu unaodhaniwa kuwa mikwaruzo mara nyingi ni mafuta ya vidole.

Ikishakwaruzika

Si kila mkwaruzo unaotupisha lenzi. Mstari mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele kwa kawaida hauonekani pichani. Hudhihirika jua linapoelekea lenzi au tundu lake linapofinywa sana, kwa mfano hadi f/16. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni hatari zaidi, kwa kuwa uko karibu na mahali picha inapoundwa. Kwa mkwaruzo mzito wa mbele, wapigapicha wa tangu zamani huujaza wino mweusi ili usisambaze mwanga.

Anayenunua lenzi iliyotumika anashauriwa kuimulika kwa tochi kutoka upande mmoja na kuikagua mbele na nyuma kabla ya kutoa fedha. Lenzi yenye vumbi kidogo si ya kukataliwa. Ya kutiliwa shaka ni ile inayong'aa mno, lakini tochi inafichua mistari myembamba ya mviringo, dalili kwamba mwenyewe alikuwa akiisugua kila siku.