Rehani ya Mtu

Nilipostaafu ualimu nilikaa miaka sita kwenye kamati ya mikopo ya Sacco yetu, chama cha akiba na mikopo. Siku moja akaja kijana wa hapa Jomvu Kuu. Ana nyumba ya vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake, na ataka mkopo wa choo cha pili na tangi la maji.

"Mwalimu, si nyumba ninayo?"

"Na kiwanja, baba?"

Akainamisha kichwa.

Jambo hili humshangaza mtu wa bara. Mombasa nyumba ni mali moja, ardhi ni mali nyingine. Wapatana na mwenye kiwanja, wampelekea kodi ya ardhi kila mwezi, kisha wasimamisha miti ya mikoko, wakandika udongo, waezeka makuti. Nyumba ni yako. Utaiuza ukitaka, na ukifa watoto watairithi. Palipo chini yake pana mwenyewe. Mtindo huu ulishamiri baada ya reli kuanza kujengwa 1896 na bandari ya Kilindini kukua, watu wa kazi wakawa wengi kuliko pa kulala.

Walioshika mashamba walikuwa na njia yao ya kukopa. Babu mzaa mama, Mjomvu, Mswahili wa Tisa Taifa za Mombasa, aliacha kijikasha chenye karatasi ya bei ya khiyari. Kwa kuwa riba ni haramu, mwenye shamba "alimuuzia" tajiri, mara nyingi Mhindi, kwa sharti kwamba ana hiari ya kulikomboa kwa bei ileile kabla ya muda fulani. Papo hapo alibaki shambani kama mpangaji, akilipa kodi. Tusidanganyane: kodi ile ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Muda ukipita, shamba limekwenda. La babu lilikwenda.

Halafu ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kila mtu wa mwambao aliambiwa apeleke dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Aliyepata hati alipata kitu cha kumwonyesha mwenye benki. Asiyepata alibaki na kuta.

Baba yangu alikuwa na kuta, na kazi ya ukarani wa bohari. Sheria ya ushirika ya 1945 ilikuwa imewafungulia Waafrika mlango, ikaja nyingine 1966, na kufikia 1973, vyama vya akiba na mikopo vilipounda muungano wao, KUSCCO, wafanyakazi wengi wa mjini walikuwa wakikatwa akiba kabla mshahara haujawafikia mkononi. Benki haikutaka hata kuiona nyumba ya baba. Sacco haikuiulizia. Iliuliza: umeweka kiasi gani, na nani atakudhamini? Akiba mara tatu, basi, na saini za wenzako. Ndivyo makuti yetu yalivyogeuka mabati.

Kisha baba akaugua, akaacha kazi, na wadhamini wake watatu wakaanza kukatwa mishahara kulipa deni lake. Wawili walistahi, hawakusema neno. Wa tatu alikuja nyumbani. Mama alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wengi wa hapa, akamlipa kwa vyungu na mitungi. Mke wa yule bwana alikuwa akiviuza Changamwe. Ilichukua karibu miaka miwili. Mimi ndimi niliyekuwa nikivipanga majani makavu katikati visigongane.

Siku hizi mwenye hati miliki huiweka rehani kwenye Sacco yenyewe. Mthamini huja na kamera, na tangu sheria ya ardhi ya 2012, nyumba wanamoishi mume na mke haiwekwi rehani bila mwenzi wa mwenye hati kutia saini. Kipengele hicho nakipenda. Babu hakumuuliza bibi.

Kijana wangu, asiye na hati, alirudi baada ya wiki mbili na wadhamini watatu. Wa tatu alikuwa bi mkubwa mwenye kile kiwanja, mwanachama wetu wa miaka mingi. Alitia saini polepole, akafunika kalamu, akamgeukia: "Na kodi yangu ya mwezi huu, mwanangu, umekuja nayo?"