Lenzi ya kupigia picha nyota: Mwanga kwanza, kuvuta mbali baadaye

WANUNUZI wengi wa kamera kwa mara ya kwanza huamini kuwa nyota, kwa sababu ziko mbali, zinahitaji lenzi ndefu ya kuvuta vitu karibu. Imani hiyo huwagharimu fedha nyingi na kuwaachia picha nyeusi au zenye mistari, kwani kinachokosekana usiku si ukaribu bali ni mwanga.

Katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, nyota huonekana vizuri zaidi vijijini, mbali na taa za mji wa Tunduma. Kata ya Mbangala, Wilaya ya Songwe, iko kati ya nyuzi 8 na 9 kusini mwa Ikweta. Kutokana na hali hiyo, kitovu cha Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, hupanda juu sana angani nyakati za usiku kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi. Usiku usio na mbalamwezi ndio unaofaa zaidi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa herufi f na namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6.

Jambo la pili ni upana, unaopimwa kwa milimita. Kwa kuwa dunia inazunguka, nyota huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa, na lenzi ndefu hukuza mwendo huo. Wapiga picha hugawa 500 kwa milimita za lenzi ili kupata sekunde za kuacha kamera wazi kabla nyota hazijawa mistari. Kwa kamera ndogo za wanaoanza, milimita hizo huzidishwa kwanza kwa takriban 1.5.

Kwa hesabu hiyo, lenzi ya milimita 18 hutoa sekunde 18, ya milimita 50 hutoa kama 6, na ya milimita 200 haifikishi hata 2.

Hivyo basi, anayeanza hana sababu ya kukimbilia dukani. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi inatosha kujifunzia, mradi iachwe kwenye 18, ambako tundu lake hufikia f/3.5. Ikivutwa hadi 55, tundu hupungua hadi f/5.6 na mwanga hupungua kwa zaidi ya nusu.

Mwenye fedha kidogo za ziada anaweza kuongeza lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu. Hiyo inafaa kwa makundi ya nyota kama Kilimia, lakini ni nyembamba mno kwa anayetaka ardhi na anga kwa pamoja, kwa mfano Kimondo cha Mbozi kilichopo Ndolezi. Kwa picha hiyo, lenzi pana ya milimita 14 hadi 24 yenye f/2.8 ndiyo bora.

Mnunuzi wa lenzi iliyotumika anashauriwa kuimulika kwa tochi ili kuona kama ina ukungu au mikwaruzo ndani, na kuhakikisha inakubali kufungwa kwenye kamera yake.

Aidha, fedha za stendi imara ya miguu mitatu zitengwe kabla ya zile za lenzi mpya, kwani kamera ikitikisika, hata lenzi ya gharama kubwa haisaidii. Gizani, mfumo wa kulenga wenyewe mara nyingi hushindwa. Mpiga picha auzime, akuze nyota angavu kwenye kioo cha kamera, kisha azungushe lenzi kwa mkono hadi nyota hiyo iwe nukta ndogo kabisa.