Kuvu wa samadi na wanyama waliotoweka Madagaska

Mifupa ya viboko wadogo, kobe wakubwa na Aepyornis, yule ndege mrefu asiyeruka, imefukuliwa sehemu nyingi za Madagaska. Mifupa inathibitisha kwamba wanyama hao walikuwapo. Walikuwa wengi kiasi gani, na walianza kupungua lini, hilo lilikuja kujulikana kwa mavi yao.

Kuna kuvu aitwaye Sporormiella anayeota kwenye samadi. Hurusha spora zake majanini, mnyama akazimeza na malisho, zikapita tumboni salama na kuota upya kwenye kinyesi kibichi. Wala majani wakipungua, naye hupungua. Spora zinazosombwa na mvua hadi bwawani hufunikwa na tope, na humo hudumu maelfu ya miaka.

Zamani ni wachache waliozijali. Tangu Lennart von Post wa Uswidi aonyeshe mwaka 1916 kwamba historia ya misitu inasomeka kwenye chavua, watafiti wengi walihesabu chavua na kuruka vingine vyote. Miaka ya 1970 Bas van Geel wa Amsterdam akaanza kuvichora na kuvipa namba vile vilivyorukwa, kazi ya subira ambayo haijapewa sifa inayostahili. Mwaka 1987 Owen Davis akaonyesha kwamba Marekani spora hizi zilikuwa tele enzi za wanyama wakubwa wa kale, zikaadimika walipotoweka, kisha zikarudi na mifugo ya walowezi.

Kuzipata si kazi nyepesi. Tope huchemshwa kwa asidi kali inayoyeyusha hata mchanga, lakini ukuta wa spora hustahimili. Mtafiti hutia humo idadi anayoijua ya spora za mmea fulani, ili kwa kulinganisha akadirie wingi wa zile anazozitafuta. Chini ya hadubini Sporormiella ni ya kahawia iliyokoza, na kila seli ina ufa uliopinda kama herufi S.

Mwaka 2003 David Burney na wenzake walitangaza walichokisoma kwenye mashapo ya Madagaska. Kusini-magharibi mwa kisiwa spora zilikuwa nyingi mno kabla ya binadamu. Takriban miaka 1,720 iliyopita, kwa kipimo cha kaboni, zikaporomoka ghafla. Miongo michache baadaye chembe za mkaa zikaongezeka. Mpangilio huo una uzito: wanyama walipungua kwanza, huenda nyasi zikakosa wa kuzila, moto ukapata kuni. Kaskazini-magharibi, huko Amparihibe, spora zilipanda miaka kama 1,130 iliyopita, na safari hii samadi inadhaniwa kuwa ilikuwa ya mifugo.

Ushahidi huu hautoshi peke yake, maana kina cha maji kikibadilika hata hesabu ya spora hubadilika. Ndiyo maana husomwa pamoja na chavua na mkaa.

Kwetu Tanzania, tope la mikoko la delta ya Rufiji na la ghuba ya Makoba, Unguja, limekwisha kuchunguzwa kwa chavua, likaeleza jinsi bahari ilivyopanda na kushuka. Tabaka za namna hiyo zikichimbwa kwa mabwawa ya kamba au chumvi huchanganyika, na hazisomeki tena. Wanaotoa vibali vya kuchimba mikokoni wawaite kwanza watafiti wachukue sampuli.