Homa ya Mtoto: Familia na Utafutaji wa Tiba ya Malaria nchini Tanzania

Utafutaji wa tiba ya homa ya mtoto ni mfululizo wa maamuzi ambayo familia huyafanya tangu mwili wa mtoto unapoanza kuchemka hadi apone, apewe rufaa au afariki. Katika maeneo yenye malaria nyingi muda huwa mfupi, kwa kuwa vimelea vya Plasmodium falciparum vinaweza kumfikisha mtoto kwenye malaria kali ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwezi Aprili 2000 walikubaliana kwamba, ifikapo 2005, angalau asilimia 60 ya wagonjwa wa malaria wapate tiba sahihi ndani ya saa 24. Kwa muda mrefu ucheleweshaji umeelezwa kwa kulaumu imani za wazazi. Ushahidi uliokusanywa Tanzania unaelekeza lawama kwingine: familia nyingi hutafuta tiba ya kisasa mapema, na watoto wengi hupotea kati ya mlango wa kwanza wanaoubisha na dawa inayofaa.

Uchunguzi wa vifo vya malaria wilayani Rufiji, uliohusu miaka ya 1999 hadi 2001 na kuchapishwa mwaka 2004, ndio msingi wa hoja hii. Zaidi ya robo tatu ya marehemu walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa. Walioanza na tiba ya asili walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Hawa ni watu waliofariki, ambao kwa mujibu wa maelezo yaliyozoeleka ndio waliopaswa kuwa wamecheleweshwa kwa mganga. Nyumbani mama humkanda mtoto kwa maji, humpa panadol, hutazama kama ananyonya na kama anacheza. Homa isiposhuka, huenda dukani au zahanati. Uamuzi huo hauko mikononi mwake peke yake, kwani nauli na fedha ya dawa mara nyingi hutoka kwa baba, na bibi ana sauti katika kuamua huu ni ugonjwa gani.

Pingamizi kubwa kwa hoja hii ni degedege. Katika Pwani na Morogoro, mtoto anayekakamaa, kugeuza macho na kutoka povu amewahi kuhesabiwa kuwa na ugonjwa tofauti na malaria, unaoletwa na shetani au ndege, na kwa hiyo wenye mganga wake. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walieleza tiba zake, pamoja na kufukiza moshi wa kinyesi cha tembo, na hofu kwamba sindano humuua mtoto aliye katika hali hiyo. Hofu hii imegharimu maisha na haifai kupambwa. Hata hivyo, haikuzuka hewani. Mtoto anayefikishwa hospitali akiwa tayari ana malaria ya ubongo anaweza kufa hata akitibiwa, na jamaa wanaoshuhudia kifo baada ya sindano huunganisha mambo mawili waliyoyaona kwa macho yao. Tena, kwenda kwa mganga hakufungi njia ya hospitali: familia ileile humwita mganga atulize degedege, kisha humpeleka mtoto wodini kutibiwa homa.

Pingamizi la pili husema tatizo ni duka la dawa, ambako mzazi hununua vidonge bila kipimo na mara nyingi pungufu ya dozi. Ni kweli. Lakini duka liko karibu, hufunguliwa jioni, na muuzaji hakatai fedha kidogo. Kuligeuza kumeleta faida kuliko kulifunga. Kilifi, nchini Kenya, wauza maduka walifundishwa miaka ya 1990 namna ya kutoa klorokwini, na matumizi sahihi yakapanda sana. Tanzania ilianzisha maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa fikra inayofanana. Ikumbukwe pia kwamba wazazi waliozoea klorokwini waliambiwa mwaka 2001 watumie SP (sulfadoksini-pirimethamini), na miaka michache baadaye dawa mseto yenye artemisinini. Kwa mtu wa kijijini, huo ni mwongozo uliobadilika mara mbili kabla mtoto wake hajaanza shule.

Zahanati nayo ina sehemu yake. Uchunguzi wa wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa 2004, uliwakuta chini ya nusu yao na vimelea kwenye damu. Mwaka 2008, kati ya watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa Ifakara na Dar es Salaam, waliokuwa na malaria walikuwa takriban mmoja kati ya kumi, na wengi zaidi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Huduma za afya zenyewe ndizo zilizowafundisha wazazi kwamba kila homa ni malaria. Kipimo cha haraka kimesaidia sana. Lakini mama anayeambiwa kipimo ni hasi, akarudishwa nyumbani bila maelezo mengine, ana haki ya kuona kwamba mwanawe hajatibiwa, na ataingia duka la kwanza lililo njiani.

Kwenye malaria kali, utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa sindano ya artesuneti hupunguza vifo kwa asilimia 22.5, ikilinganishwa na kwinini. Artesuneti ya kuingizwa njia ya haja kubwa, iliyojaribiwa Tanzania, Ghana na Bangladesh, iliwafaa watoto waliokuwa mbali na hospitali kwa zaidi ya saa sita. Ilipopelekwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda katika mazingira ya kawaida, vifo havikupungua, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi zisiipanue hadi mwongozo mpya utolewe. Dozi ya kwanza ilikuwa imefika kijijini. Kilichokosekana ni rufaa iliyokamilika, na dawa mseto ya kumalizia tiba baada yake.