Maziko Mawili ya Tabibu McDowell

Ada ya mwandishi wa maisha ya mtu ni kuanza na kuzaliwa na kuishia kaburini. Katika habari za Ephraim McDowell, tabibu wa mashambani katika jimbo la Kentucky, Marekani, naona heri kuanzia kaburini, maana tabibu huyu alizikwa mara mbili.

Alifariki Juni 1830, akazikwa Traveller's Rest, shamba la mkwewe Isaac Shelby, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Kentucky. Mwaka 1879 mifupa yake na ya mkewe ilifukuliwa, ikahamishiwa Danville, mji aliofanyia kazi, ikawekwa penye nguzo ya ukumbusho. Matabibu walikusanyika, na Samuel Gross, mpasuaji mashuhuri, akatoa hotuba. Mtu aliyelala kimya shambani miaka 49 akawa fahari ya taaluma nzima.

Fahari hiyo ilikuwa na sababu. Desemba 1809 McDowell aliitwa kumtazama Bi Jane Crawford, ambaye matabibu wengine walimdhania mjamzito. Aliona kuwa ni uvimbe wa kifuko cha mayai. Alimwambia wazi kuwa hajapata kusikia uvimbe wa namna ile kuondolewa kwa kisu, lakini angejaribu, iwapo bibi angekubali kwenda Danville. Bibi alisafiri kiasi cha maili 60 juu ya farasi. Dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumiwa katika upasuaji. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. Kazi ilichukua dakika 25, na uvimbe ulipopimwa ukafikia ratili 22 na nusu. Siku ya tano tabibu alimkuta mgonjwa wake akitandika kitanda! Baada ya siku 25 alirudi kwao, akaishi zaidi ya miaka 30.

Husimuliwa pia kwamba bibi alisoma zaburi wakati akipasuliwa, na kwamba watu walingoja nje na kamba wamnyonge tabibu ikiwa mgonjwa atakufa. Taarifa ya McDowell mwenyewe, iliyochapishwa Philadelphia mwaka 1817, haina zaburi wala kamba. Mimi hushika taarifa. Ni fupi mno, kiasi cha kuwaudhi wakubwa wa London: James Johnson, mhariri wa jarida la utabibu huko, aliitilia shaka na kuidhihaki, kisha baadaye akaomba radhi. Yamkini dhihaka hiyo haikutokana na ufupi wa taarifa peke yake. McDowell alikuwa amesoma Edinburgh mwaka 1793 na 1794 akarudi bila shahada. Ile aliyopewa na Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1825 ilikuwa ya heshima.

Lakini katika taarifa hiyo hiyo limo jambo ambalo wasifu wake kwa muda mrefu walilipita mbio. Wagonjwa walioelezwa ni watatu. Wa kwanza ametajwa kwa jina la ukoo wake, Bi Crawford. Wa pili na wa tatu ni wanawake weusi, nao hawakupewa jina lolote. Rangi yao ndiyo utambulisho wao. Kentucky ilishikilia utumwa hadi 1865, na ridhaa ile aliyoombwa Bi Crawford kabla ya safari yake, mtumwa hakuwa na haki ya kuitoa wala kuinyima.

Bi Crawford alifariki mwaka 1842 na kaburi lake liko karibu na Graysville, Indiana, lajulikana na kuzuriwa. Tabibu ana nguzo yake Danville, na tangu 1929 ana sanamu katika jengo la Bunge mjini Washington. Atakayetaka kuwatafuta wale wanawake wawili hana jiwe la kuanzia. Ana mistari michache ya mwaka 1817, na baada ya hapo itampasa afungue daftari za mirathi za wenye mashamba wa Kentucky, ambamo watumwa waliandikwa na kutiwa bei pamoja na farasi na vyombo vya nyumbani.