Koho, Samaki Aliyehamishwa

Wasomaji wetu wanaokaa kando ya ziwa Kivu wanajua sambaza. Asili yake si huko: alitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu kati ya mwaka wa 1958 na 1960. Leo tutazame habari inayofanana nayo, iliyotokea Marekani.

Koho ni samoni wa bahari ya Pasifiki. Huzaliwa mtoni, hukaa humo mwaka mmoja au zaidi, kisha hushuka baharini. Huko hunenepa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, halafu hurudi mto ule ule aliozaliwa, hutaga mayai na kufa. Pwani, wavuvi humtega kwa ndoana yenye kipande cha chuma kinachong'aa, kikivutwa nyuma ya mashua. Mitoni, wenyeji wa kale walimshika kwa nyavu na kwa nyua za miti zilizoziba maji.

Basi, alifikaje ziwa Michigan, lililo mbali sana na bahari ile? Tuanze na mfereji. Watu walichimba mfereji wa Welland ili merikebu zipite kando ya maporomoko ya Niagara. Lakini akapita pia lamprei, mnyama wa umbo la mkunga, asiye na taya, anayegandama samaki na kuwanyonya damu. Mwaka wa 1936 alionekana Michigan. Baada ya miaka ishirini trauti wakubwa wa ziwa hilo walikuwa wamekwisha, na wenye nyavu wakakosa riziki. Kisha akaingia samaki mdogo wa jamaa ya heringi. Kwa kuwa hakuna wa kumla, alizaa kupita kiasi. Mwaka wa 1967 walikufa wengi mno, hata fukwe zikanuka.

Dawa ya kuua lamprei ilikwisha kuanza kutumiwa mwaka wa 1958. Mwaka wa 1964 Howard Tanner alipewa kazi ya kusimamia samaki katika jimbo la Michigan. Mayai ya koho yakaletwa kutoka Oregon, na mwaka wa 1966 watoto wao wakatiwa mitoni. Mwaka uliofuata walirudi wanene. Watu wakamiminika kwa maelfu, wengine katika mashua ndogo sana. Tarehe 23 Septemba 1967 dhoruba ikavuma. Onyo lilikuwa limetolewa, lakini wengi hawakulijali. Watu saba wakafa.

Tena serikali ikawapendelea wenye ndoana, na wenye nyavu wakabanwa kwa sheria.

Je, kazi ile ilikuwa njema? Samaki mdogo alipunguzwa, na miji ya pwani ikapata fedha. Lakini katika ziwa Huron, jirani yake, samaki yule mdogo alikaribia kutoweka mwaka wa 2004. Samoni wakubwa, ndugu za koho, wakakosa chakula. Kumbe ndipo trauti wenyeji walipozidi kuzaa wenyewe.

Wasomaji wapenzi, anayetia samaki ziwani huchagua pia nani atakula na nani atakosa. Heri wavuvi waulizwe kwanza.