Waaringa na Mpaka wa Sudani: Habari za Wakimbizi Waliopokea Wakimbizi

Mpaka uliopo baina ya Uganda na Sudani ya Kusini, kwa upande wa West Nile, haukuchorwa na watu wakaao juu yake. Hata mwaka wa 1909 nchi ile ilikuwa sehemu ya Lado, milki ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Leopold alipofariki mwishoni mwa mwaka huo, Waingereza waliitwaa Lado wakaiunga na Sudani. Na mwanzoni mwa mwaka wa 1914 sehemu yake ya kusini ikakatwa ikatiwa katika Uganda. Basi mtu mzima wa zama zile aliweza kuwa chini ya dola tatu, moja baada ya nyingine, bila kuinua mguu kutoka uani kwake. Wakakwa waligawanywa mafungu matatu: wengine Uganda, wengine Sudani, wengine Kongo. Waaringa, ambao ni jamaa wa Walugbara na walio wengi wao ni Waislamu, walijikuta upande wa Uganda, na mpaka ukiwa mgongoni mwao.

Uislamu wenyewe katika nchi zile una nasaba na habari za kuvuka mipaka. Askari wa Emin Pasha, liwali wa jimbo la Ikweta, waliachwa pwani ya ziwa Albert baada ya dola ya Misri kusukumwa nje ya Sudani na watu wa Mahdi. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko pamoja na mkuu wao Selim Bey, wake zao na watoto wao, akawachukua katika utumishi wa kampuni ya Waingereza. Hao ndio asili ya Wanubi wa Uganda. Hawakuitwa wakimbizi, kwa kuwa walikuwa na bunduki na bunduki zao zilitakiwa.

Neno la ukimbizi liliingia katika sheria za Uganda baadaye, nalo liliingia kwa mlango wa Sudani. Ni kweli kwamba katika vita vikuu vya pili Wapolandi walipewa makazi Masindi na Koja, lakini hao walikuja kwa amri ya Waingereza na wengi wao waliondoka vita vilipokwisha. Mwezi wa Agosti 1955 askari wa Torit, kusini mwa Sudani, waliasi. Jeshi la serikali lilipowajia, watu wengi walikimbilia Uganda. Serikali ya ukoloni ikatunga mwaka ule ule sheria iliyowahusu hao tu, na mwaka wa 1960 ikatunga nyingine ya kuwahusu wakimbizi wote. Yatosha kulitazama jina la sheria hiyo ya pili ili kuijua nia yake, maana ilikuwa sheria ya kuwadhibiti wakimbizi wageni, wala haikuwa ya kuwalinda. Mkimbizi aliweza kuamriwa akae mahali palipotajwa, na akitoka pasipo ruhusa alihesabiwa kuwa mkosaji. Uhuru ulipatikana mwaka wa 1962, lakini sheria hiyo ilibaki katika vitabu kwa miaka zaidi ya arobaini.

Kuna jambo moja hapa lisiloweza kupitwa kimya, hasa katika kitabu cha Waislamu. Serikali ya Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, ndiyo iliyotoa amri mwezi wa Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90, na katika waliofukuzwa walikuwamo Waislamu kwa maelfu. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyoingia mwaka wa 1976 katika mkataba wa Geneva wa 1951 wa kuwalinda wakimbizi. Haijulikani ni nani aliyecheka siku ile mkataba ulipotiwa sahihi, ila sababu ya kucheka ilikuwapo.

Mnamo tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulitekwa, na malipo ya matendo ya Amin yakadaiwa kwa watu wa nyumbani kwake. Wengine walikimbia mapema kabla majeshi hayajafika. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wa zamani walivuka kutoka Sudani na Zaire wakaishambulia West Nile. Na jeshi jipya la Uganda liliporudi likalipiza kisasi juu ya raia. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa watu wengi waliokuwa wamejihifadhi humo. Vijiji vya Aringa, Koboko na Moyo vikawa magofu, majani yakaota katika nyua za misikiti. Mwanzoni mwa miaka ile zaidi ya raia 150,000 wa Uganda walikuwa Sudani ya kusini, na makumi ya maelfu wengine walikuwa Zaire.

Katika wilaya ya Yei, Sudani, walipokewa kwa njia mbili. Wako waliotiwa katika makambi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, wakaandikwa na kupewa posho. Wako na wengine, tena wengi, waliokataa makambi wakaenda kwa Wakakwa wa Sudani, kwa wakwe na kwa watu wasiowajua kabisa, wakaomba kipande cha ardhi walime. Mtaalamu Barbara Harrell-Bond aliyewachunguza huko aliandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1986, naye aliwalaumu wenye kutoa misaada kwa kudhani kwamba mkimbizi aliye nje ya kambi ndiye aliyepotea. Yakini, mara nyingi aliyekuwa nje ya kambi alikuwa amekwisha kupata jembe na jirani.

Huku nyuma, ndani ya Uganda, mazungumzo juu yao yalikuwa machungu. Waliitwa watu wa Amin, waliitwa Wasudani, waliitwa Anyanya, jina la waasi wa kusini mwa Sudani ambao baadhi yao Amin aliwaingiza jeshini. Maana ya majina hayo ni moja, nayo ni kwamba waliotoka wamerudi kwao. Wala si wao peke yao waliosikia maneno ya namna hiyo. Mwezi wa Oktoba 1982, kule Ankole, watu wenye asili ya Rwanda walivunjiwa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe, wakimbizi wa mwaka wa 1959 pamoja na raia waliozaliwa Uganda, pasipo kupambanua huyu na yule. Maelfu kwa maelfu walikimbilia mpakani; na Rwanda ilipoufunga mpaka mwezi wa Novemba, wako waliokwama kati, huku hawatakiwi na kule hawaingii.

Waaringa walianza kurejea katikati ya miaka ya 1980, wengine wakisukumwa na vita vipya vya Sudani kuliko kuvutwa na amani ya Uganda. Katiba ya mwaka wa 1995 ilikata shauri la nani ni mwenyeji kwa kutaja tarehe: jamii zilizokuwa zikikaa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Katika orodha yake wamo Walugbara, wamo Wakakwa, wamo Wanubi, na wamo Wanyarwanda. Ni ajabu kidogo kwamba haki ya mtu kuitwa mwenyeji huegemea siku moja ya mwezi katika enzi ya Waingereza, lakini kwa watu walioitwa Wasudani katika nchi yao, tarehe hiyo ilikuwa ngao.

Nao hawajakamilisha kujenga upya nyumba zao, wageni wakafika. Kuanzia mwaka wa 1994 Wasudani kwa makumi ya maelfu walipewa makazi Ikafe, katika ardhi ya Aringa. Mambo hayakwenda vema. Mwaka wa 1996 waasi wa West Nile waliwashambulia wakimbizi hao, na kufikia mwaka wa 1997 Ikafe ilikuwa imehamwa. Katika waasi wale walikuwamo vijana wa Aringa wenyewe. Amani na kundi lao, UNRF la pili, ilitiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wasifuo ukarimu wa West Nile wasiiruke sura hii, kwa sababu aliyewahi kuwa mkimbizi si lazima awe mwenyeji mwema.

Mwaka wa 2006 sheria ya 1960 iliondolewa, ikaja nyingine iliyompa mkimbizi haki ya kufanya kazi, ya kwenda huku na huku nchini, na ya kutumia ardhi aliyopewa. Sheria hii ilijaribiwa kwa moto mwezi wa Julai 2016, mapigano yalipozuka tena Juba. Mwezi wa Agosti makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa katika wilaya ya Yumbe, na mwezi wa Desemba yalifungwa yasipokee wapya, kwani katika miezi ile michache walikuwa wamekwisha kuingia watu wapatao 270,000. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2014 ilikuwa imewakuta wakazi karibu 485,000 tu katika wilaya nzima. Waliovuka wengi walitoka Yei na viunga vyake, yaani walitoka katika nchi ile ile ambako Waaringa walikuwa wamelima na kuzika.

Ardhi iliyotumika, yapata kilomita za mraba 250, haikuwa ya serikali. Huko ardhi ni ya ukoo kwa desturi, na wazee waliitoa kwa mapatano na Ofisi ya Waziri Mkuu, pasipo kuiuza. Kila nyumba ya wakimbizi ilipimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Katika kuwashawishi wenzao wazee walikuwa na hoja ambayo hakuna mkutano wa Ulaya uliokuwa nayo: sisi tulikula kwao. Msomaji Mwislamu atakumbuka na kisa kingine, cha Maquraishi waliopeleka wajumbe na zawadi kwa Najashi wa Habasha ili arudishiwe Waislamu waliomkimbilia. Naye hakuwatoa kabla ya kuwasikiliza, Jaafar bin Abi Talib aliposimama akasema, na baada ya kuwasikiliza akakataa kuwatoa.

Hata hivyo waliopinga hawakuwa watu wabaya, na hoja zao zasikika vema zaidi zikisemwa waziwazi. Miti ilikatwa kwa kuni na makaa. Visima havikutosha. Kazi za mashirika, walisema vijana wa Yumbe, zilipewa watu wa Kampala. Serikali ilikuwa imeahidi kwamba fungu la 30 katika kila 100 la misaada litawafikia wenyeji, na wengi waliuliza limekwenda wapi. Mkutano wa wafadhili uliofanyika Kampala mwezi wa Juni 2017 uliomba dola bilioni 2 ukaahidiwa chini ya robo yake. Kisha mwaka wa 2018 ilidhihirika kwamba idadi ya wakimbizi nchini ilikuwa imetiwa chumvi: walidhaniwa kuwa zaidi ya milioni 1.4, na walipohesabiwa upya mmoja mmoja wakaonekana milioni 1.1. Maofisa wakasimamishwa kazi. Jambo hilo liliwaumiza wakimbizi kuliko yeyote, maana tangu hapo aliyetaka kuwakataa alipata la kusema. Na mwezi wa Septemba 2020, katika makazi ya Rhino Camp, ugomvi ulioanzia mahali pa kuteka maji uliishia kwa kuuawa kwa wakimbizi kadhaa.

Ama katika hesabu ile kulikuwa na fumbo jingine lisilotokana na wizi. Baada ya mapatano ya amani ya Sudani ya Kusini ya Septemba 2018, wako wakimbizi wa Bidi Bidi waliokuwa wakivuka kwenda Yei kutazama mashamba na makaburi, wakakaa wiki kadhaa, kisha wakarejea. Mwenye daftari alishindwa kujua awaandike wapi. Wazee wa Aringa hawakuona ugumu wowote, kwa kuwa katika miaka ya 1980 watu wao nao walikuwa wakivuka kinyume kwa siri, wakivuna muhogo katika mashamba yao ya Uganda usiku na kurudi Sudani kabla ya mapambazuko.